Sura ya Sita: Kabla ya Chemko

Panda bajaji Kibaoni asubuhi, shuka sokoni, ingia dukani kununua sukari, kisha upitie kwenye mashine ya kukobolea mpunga. Ukiwa na bahati mbaya, wimbo uleule utakupokea kila mahali. Dereva ameuwasha redioni, mwenye duka anao kwenye spika yake ndogo, na kijana anayejaza magunia anauimba juu ya mngurumo wa injini bila kukosea neno. Kabla ya adhuhuri utakuwa unaujua na wewe, upende usipende. Abiria mzee atasema maneno ambayo Ifakara nzima imeshayasikia: "Mjukuu wangu, hebu zima hiyo kelele. Muziki ulikuwa zamani." Dereva atajibu kwa adabu, "Sawa, babu," apunguze sauti kidogo, na kuipandisha tena mzee akishashuka.

Ubishi huu hauna mwisho kwa sababu wahenga waligawa silaha pande zote mbili. Mzee anayo ya kale ni dhahabu, na kijana anayo kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi niliyekulia kwenye kaseti na kufikia kwenye flashi niko na mzee kuhusu uchovu wake, ila kuhusu chanzo chake tunaachana. Kinachomchosha si upya wa wimbo. Orodha ya redio ni fupi, basi. Na orodha ya nyimbo za zamani anazozililia, ukiichunguza vizuri, ni fupi kuliko hiyo anayoilaani.

Uchovu wenyewe una maelezo. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha huko Marekani majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akikutana na kitu mara nyingi, hata kama ni neno la kubuni lisilo na maana, huanza kukipenda kwa sababu tu amekizoea. Miaka miwili baadaye Daniel Berlyne wa Toronto alionyesha upande wa pili: kitu chepesi kikirudiwa sana hupoteza ladha mapema, na chenye mambo mengi ndani yake huchelewa kuchosha, pengine kikazidi kunoga. Mtu yeyote aliyewahi kusikiliza dansi la bendi zetu anaelewa bila kwenda maabara. Mara ya kwanza unasikia maneno. Mara ya tano unagundua kwamba gitaa la pili lilikuwa likisema jambo lake pembeni muda wote. Mara ya kumi unamsubiri mpuliza saksafoni.

Wenye redio waliifahamu nguvu ya kurudia kabla ya wanasaikolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Todd Storz, mmiliki wa kituo cha KOWH katika mji wa Omaha huko Marekani, aliona kwamba watu wenye uhuru wa kuchagua wimbo wowote kwenye mashine ya sarafu ya baa walirudi kwenye nyimbo chache zilezile. Husimuliwa kwamba hata mhudumu aliyezisikia siku nzima alitoa sarafu yake mwenyewe usiku, akaziweka tena. Storz akafupisha orodha, akarudia vibao, na wasikilizaji wakaongezeka. Vituo vingine vikaiga. Kuanzia mwaka 1979 kampuni ya RCS ikaja na programu ya kompyuta iitwayo Selector, inayopanga wimbo upi urudi saa ngapi, na mtangazaji akapunguziwa kazi moja iliyokuwa ya sikio lake.

Hayo yalitokea mbali na Bonde la Kilombero, ambamo Ifakara imo, lakini yalisafiri. Kuelewa yalivyofika inabidi kuangalia milima.

Bonde hili limelala chini ya Udzungwa upande wa magharibi, na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama yanavyotumwa, yakikutana na mlima yanakwama. Studio ya Dar es Salaam haiwezi kusikika Ifakara kwa FM bila mtambo wa kurushia matangazo kuwekwa jirani. Mawimbi ya kati ya Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, yalikuwa na tabia nyingine: usiku yaligonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana. Ndiyo maana wakulima waliolala kwenye madungu katikati ya mashamba ya mpunga, wakilinda mavuno dhidi ya nguruwe na kuamia ndege kukipambazuka, waliweza kupata Dar es Salaam, na usiku mwingine Nairobi, kwa redio ya betri iliyofungwa mpira ili kifuniko kisidondoke.

RTD ilikuwa peke yake. Ilitokana na Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1951, na tangu miaka ya 1960 hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango, ndiyo redio pekee ambayo Tanzania Bara ilikuwa nayo. Radio One ilikuja mwaka 1994, kisha vituo vingine vikafuata kwa kasi. Leo Ifakara ina redio yake, Pambazuko FM, na watu wa Mahenge wana Ulanga FM. Kwa habari za bei ya mpunga, mafuriko ya mto Lumemo na kipindupindu, hayo ni maendeleo ambayo hakuna mwenye akili atakayeyabeza.

Katika muziki, hata hivyo, kuzidi kwa vituo hakujazidisha nyimbo. Sababu si siri kwa aliyewahi kukaa katika studio ya redio ya wilayani, popote nchini. Mtangazaji mmoja husoma habari, hupokea simu, hutafuta matangazo ya biashara na huendesha mitambo. Nyimbo hupatikana bure kwenye mtandao au kwa WhatsApp kutoka kwa mameneja wa wasanii walioko Dar es Salaam, na mtandao wenyewe humletea mbele kile ambacho tayari kimetazamwa na wengi. Usiku kompyuta huachwa izunguke peke yake. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba mkulima wa Mang'ula asikilize wimbo uleule wa mtu wa Sinza, Dar es Salaam. Imetokea hivyo kwa sababu ndiyo njia rahisi, na kazi rahisi huzaliana.

Kuna pia jambo la bahasha. Marekani waliligundua mapema: mwaka 1959 na 1960 bunge lao lilichunguza watangazaji waliolipwa kwa siri ili wapige nyimbo fulani, Alan Freed, mtangazaji mashuhuri wa roki, akapoteza kazi, na mwaka 1960 sheria ikabadilishwa. Kwetu wasanii wa Bongo Fleva wamelalamika hadharani kwa miaka mingi kwamba bila kumpa mtangazaji "kitu kidogo" wimbo hausikiki. Ninaamini lalamiko hilo lina ukweli, lakini sidhani linaeleza mengi kuhusu Ifakara. Hakuna anayesafiri hadi bondeni kumhonga mtangazaji wa kujitolea. Uamuzi umeshafanyika mjini, sisi tunapokea matokeo.

Sasa tumrudie mzee na zamani zake, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

RTD nayo ilirudia. Tena ilirudia ikiwa haina mshindani, ikiwa na kamati iliyopitia mashairi kabla ya bendi kuruhusiwa kurekodi, na katika miaka ya 1970 ikazuia sehemu kubwa ya muziki wa kigeni. Aliyechoka hakuwa na kituo cha kuhamia. Lakini ilikuwa na mambo mawili ambayo redio za leo hazina. La kwanza, ilirekodi yenyewe. Bendi zilifika studioni, zikapiga mbele ya maikrofoni, na nyimbo zikabaki kwenye kanda za rili. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: jumuiya ya wafanyakazi, jeshi, polisi, vijana wa chama, shirika la bima. Kila moja ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na ukimwambia mtu Saboso au Kiweke alijua kwamba unamwambia Western Jazz au Atomic Jazz. NUTA walikuwa na Msondo, Maquis walikuwa na Kamanyola, na Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978 ikachukua jina la ngoma ya Wazaramo, Sikinde. Malighafi haikukosekana.

La pili lilikuwa mkono wa msikilizaji. Kadi za salamu ziliuzwa madukani, ukajaza majina ya ndugu, jamaa na marafiki, ukaandika wimbo unaoutaka, ukaipeleka posta. Masika yakikata barabara ya Mikumi, kadi ingeweza kuchukua wiki nyingi, na salamu za Pasaka zikasomwa watu wakiwa wanavuna. Haidhuru. Aliyelazwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara aliweza kusikia jina lake katika kipindi cha wagonjwa, Ugua Pole, likifuatiwa na wimbo uliochaguliwa na mtu anayemfahamu. Wasalimu waliojulikana nchi nzima kwa majina yao tu hawakuwa na studio wala fedha, lakini walishiriki kupanga muziki wa taifa. Walikuwa na ladha za ajabu pia, na ndiyo faida yenyewe: mtu wa Malinyi angeomba wimbo ambao hakuna mtaalamu wa Dar es Salaam angeukumbuka.

Leo simu zinapokelewa, ujumbe wa WhatsApp unasomwa, ila ombi linaangukia kwenye kompyuta yenye nyimbo ambazo zingepigwa hata usingeomba.

Hebu tufungue kipindi cha zilipendwa cha Jumapili, kile ambacho babu anakisubiri wiki nzima. Kipo karibu kila kituo nchini. Utasikia Mbaraka Mwinshehe akiimba Shida. Utasikia Jogoo la Shamba. Utasikia vibao viwili vitatu vya Sikinde, kimoja cha Marijani Rajab, kimoja cha Remmy Ongala, pengine na Salum Abdallah mtangazaji akiamka vizuri. Jumapili ijayo utasikia hizohizo. Wazee wanafurahi, wanatikisa vichwa, na wanasema muziki ndio huu. Sawa, ndio huu, lakini umebaki kiasi hiki tu? Mji mkuu wa mkoa wetu, Morogoro, mji kasoro bahari, ulitoa bendi mbili zilizoshindana kwa miaka: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz. Salum alipofariki katika ajali mwaka 1965, Juma Kilaza akaichukua Cuban Marimba na kuiendesha kwa muda mrefu. Ni nani anayempiga Kilaza? Mbaraka alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akaiacha bendi hiyo mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34. Mtu aliyefanya kazi kwa pupa namna ile tumembakizia nyimbo nne.

Hata hizo nne hatupewi zikiwa kamili. Dansi la enzi zile lilijengwa kwa sehemu mbili. Kwanza taratibu, maneno, kisa kinasimuliwa, wenza wanacheza polepole. Kisha magitaa yanageuka, mdundo unapanda, waimbaji wanaitikia kwa ufupi, na ukumbi mzima unainuka: hilo ndilo chemko. Kanda za RTD hazikubanwa na urefu wa sahani ya santuri, kwa hiyo bendi ziliweza kuchemka mpaka zitosheke. Redio ya leo imezoea wimbo wa dakika tatu. Mtangazaji husubiri beti mbili ziishe, anashusha sauti, anasoma tangazo la duka la simu, na gitaa linageuka chini ya bei za betri. Nimesikia jambo hilo likifanywa kwa nyimbo nzuri mno, na kila mara nimetamani kuwa na namba ya mtangazaji. Kisha vijana wanasema nyimbo za wazee zimepooza. Wameonjeshwa nusu ya kwanza peke yake, kwa nini wasiseme hivyo?

Wakulima wa hapa wana namna yao ya kuelewa hili. Mwaka 2002 ilitoka mbegu ya mpunga iitwayo TXD 306, ambayo sote tunaiita Saro. Inazaa sana, ni fupi hivyo haianguki ovyo, inaitikia mbolea, na imewatoa watu kwenye umaskini. Mbegu ya Supa ni ndefu, inazaa kidogo, lakini wali wake ukiiva jirani anajua. Hakuna mkulima mwenye busara anayewatukana waliopanda Saro. Wengi hupanda Saro ya kuuza na kutenga kipande cha Supa cha kula. Redio zetu zimepanda Saro bonde zima, na zilipopanda Supa zilitumia debe moja la mbegu, ndilo zinalolirudia kila msimu.

Upande wa vijana nao nina neno. Si kweli kwamba muziki mpya wote ni mwepesi. Ng'ambo ya mto Ruaha Mkuu, katika jimbo la Mikumi lenye wakulima wa miwa wa upande wa Kilosa, mbunge kuanzia mwaka 2015 hadi 2020 alikuwa Joseph Haule, yaani Profesa Jay, ambaye mwaka 2001 albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu iliwashangaza wazazi waliodhani rapu ni matusi. Afande Sele wa Morogoro alikuwa na mashairi ambayo mwalimu wa Kiswahili angeweza kuyapeleka darasani. Nyimbo zile zilikuwa na kisa, na kisa huchelewa kuchosha. Sasa waliokuwa vijana wakati ule wana watoto wa kidato cha nne, na wameanza kulalamika kwa sauti ya babu zao kwamba Bongo Fleva halisi ilikufa, singeli ni makelele. Mwaka 2017 wasanii wa lebo ya Wasafi walitoa wimbo walioupa jina Zilipendwa. Nao umeshapita umri ambao redio huona ni mpya.

Watafiti wa kumbukumbu wameonyesha kwamba watu wazima hukumbuka zaidi, na kwa hisia kali zaidi, mambo ya ujana wao, nyimbo zikiwemo. Kwa hiyo ukimwuliza mtu muziki bora ulipigwa lini, umeuliza umri wake. Isitoshe, nyimbo mbaya za mwaka 1972 zilikuwepo, tena nyingi. Hazikunusurika, na hatuzihesabu tunapolinganisha. Tunapima chujio la miaka 50 dhidi ya wiki hii yote pamoja na makapi yake.

Kinachonikera kuliko ubishi wa umri ni muziki ambao haumo katika orodha yoyote. Sangula ya Wapogoro huchezwa Mahenge na huku bondeni, kwenye arusi na matanga, na watu wa rika zote hushuka uwanjani. Wandamba na Wambunga wana ngoma zao. Wafugaji wa Kisukuma walioingia bondeni kwa miongo hii ya karibuni wamekuja na waimbaji wao, na nyimbo zao huuzwa kwa memori kadi: unampa fundi wa simu kadi yako, anakujazia, unalipa, unaondoka nazo machungani. Hapo kwenye meza ya fundi wa simu pana aina nyingi za muziki kuliko nilizowahi kuzisikia kwa siku nzima ya redio. Soko linajua kwamba wateja wapo. Redio haijajua, au inaona aibu, au inaogopa kwamba mwenye tangazo la Dar es Salaam hataelewa.

Fedha zina nafasi yake hapa pia. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, lakini wasanii walisubiri hadi Januari 2022 ndipo serikali ilipotangaza mgao wa kwanza wa mirabaha kutokana na nyimbo zao kupigwa redioni na kwenye televisheni. Mirabaha hufuata idadi ya kupigwa. Aliyepigwa mara mia anapata, na ambaye hakupigwa hapati, hata kama wimbo wake unaimbwa kwenye kila arusi ya Lupiro. Orodha fupi, kwa hiyo, si suala la masikio tu. Ni mgawanyo wa fedha pia, na warithi wa wanamuziki wa bendi, ambao wazee wao walilipwa ada ndogo ya kurekodi na kusahauliwa, wako mwisho wa foleni.

Kanda zenyewe hazijapotea. Maktaba ya RTD ilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na rili hizo ziko Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na mradi, Tanzania Heritage Project, uliopania kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali kabla utepe haujaharibika, na ulifanikiwa angalau kuwakumbusha watu kwamba hazina hiyo ipo. Ninasema hivi kwa sababu msikilizaji wa Kilombero siku hizi ana simu, na kipindi cha zilipendwa hupokea maombi. Usiombe Shida, itapigwa tu. Omba Cuban Marimba ya wakati wa Kilaza, omba Super Volcano, omba sangula iliyorekodiwa popote, na uombe isikatwe. Jibu utakalopewa mara nyingi ni "hatuna hiyo, mzee wangu". Basi usikate simu. Muulize dada mtangazaji, kwa heshima zote, kituo chao kimewaandikia TBC lini.